Karibu Kipenzi, Mlango Uko Wazi

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, Noreen Sugden alikuwa anawasha birika. Kisha anafunga aproni ya ngozi aliyoachiwa na baba yake, inayomfika karibu na vifundo vya miguu, anakaa kwenye kigoda nyuma ya duka, anachomeka mkono ndani ya tarumbeta la mtu na kuanza kazi. Kengele ya mlangoni ikilia hageuki. Anapaza sauti tu kutoka kulekule nyuma: "Karibu kipenzi, ingia, mlango uko wazi."

Hakuwa anachagua. Tarishi alikuwa kipenzi, mchungaji wa kanisa alikuwa kipenzi, na mtu aliyepotea njia akaingia kuuliza choo alikuwa kipenzi vilevile. Siku moja paka wa saluni ya jirani alisukuma mlango, kengele ikalia, akakaribishwa. Paka akaingia kwa maringo, akalala juu ya begi la tarumbeta mpaka jioni. Baba yake Noreen alikuwa anasema hivyo hivyo, na alipokufa alimwachia binti yake duka pamoja na maneno yake. Hapo Hollinroyd, mji mdogo uliobanwa katikati ya vilima vya Yorkshire, mtu akisema "karibu kipenzi" kwenye baa, wote wanajua anamwigiza nani, na wanacheka bila ubaya.

Kazi yake ilikuwa kunyoosha matarumbeta ya beni. Kila kijiji cha kule juu kilikuwa na beni yake, iliyoanzishwa na wafumaji wa sufu au wachimba makaa. Viwanda vilishafungwa, migodi ilishafukiwa, lakini beni zilibaki. Tarumbeta likianguka likabonyea, linaletwa kwa Noreen. Anapitisha gololi ya chuma kooni mwa tarumbeta, anaisukuma kwa nondo, anapapasa kwa vidole, anasukuma tena, mpaka shaba irudi ilipokuwa. Ni kazi inayotaka masikio na vidole kuliko macho. Ndiyo maana hakuwa na mazoea ya kuinua kichwa kumtazama aliyeingia.

Wiki ya Pentekoste ndiyo iliyokuwa wiki yake kubwa. Ijumaa yake beni zote hupanda mabasi na kuzunguka vijiji kushindana, zinapiga huku zinatembea, na kila kijiji kina jaji wake. Jaji haruhusiwi kuona. Anafungiwa ndani ya karavani, kijumba cha magurudumu, pazia zimeteremshwa, asije akamtambua shemeji yake akampendelea. Anasikia tu. Kwa hiyo kila tarumbeta lazima liwe zima kabla ya Ijumaa, na duka la Noreen lilijaa mpaka mtu akipita anapita ubavu.

Jumatatu ya wiki hiyo aliingia Wilf Haigh, mzee mwenye masharubu ya manjano kwa kiko, amekumbatia tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, la beni ya kijiji cha Scarclough, kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Karibu kipenzi, ingia, mlango... Wilf, umelifanya nini hilo?"

"Limeanguka."

"Limeanguka au umeliangusha?"

"Lilikuwa juu ya ukuta. Mimi nilikuwa chini ya ukuta. Nani kamwangusha nani, hatujaelewana mpaka leo."

"Ulikuwa umekunywa."

"Nilikuwa nimekaa."

Noreen alicheka, akalipokea, akalipapasa. Lilikuwa tuba la zamani, shaba yake nyembamba kwa kusuguliwa na vizazi vya watu. Babu zao walichanga pesa za mshahara wakalinunua, na kwenye mdomo wake mkubwa walichonga kwa herufi za mapambo: BENI YA SCARCLOUGH. Mbonyeo ulikuwa mkubwa lakini si wa kuua.

Wilf hakuondoka. Alisimama anazungusha kofia mikononi.

"Noreen, mimi ndiye mpiga besi pekee niliyebaki. Kamati imesema tusipotoka Ijumaa hii, beni inavunjwa, vyombo vinauzwa. Bila besi hatutoki. Nataka ujue tu."

"Alhamisi jioni njoo ulichukue," Noreen akamwambia. "Nimekwambia."

Kwake hilo "nimekwambia" halikuwa neno la kupita. Watu walikuwa wanamwachia mali zao bila kuandikishana, na haikupata kupotea hata skrubu. Wilf akavaa kofia yake, akaenda zake.

Sasa, deni la kodi ya jengo Noreen alikuwa analijua. Zamani maduka madogo kama lake yalisamehewa. Kisha kiwanda cha sufu cha ng'ambo ya barabara kikageuzwa kuwa nyumba za wenye nazo, na chini yake ukafunguliwa mkahawa unaouza kahawa kwa bei ya chakula cha mchana. Halmashauri ikathamini mtaa upya, na duka la Noreen, lenye dari linalovuja palepale lilipovuja enzi za baba yake, likawa ghafla duka la thamani. Alipiga simu halmashauri, akaongea na mama mmoja mpole, wakaelewana atalipa kidogokidogo, na alikuwa analipa. Hakuwa mtu wa kujificha. Aliamini ameshaelewana na wenyewe, akaliondoa jambo hilo kichwani, akarudi kwenye gololi zake.

Jumanne mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Noreen alikuwa ameingiza mkono mpaka begani ndani ya tuba la Wilf, anaifuata gololi, kengele ilipolia.

"Karibu kipenzi, ingia, mlango uko wazi."

Aliyeingia alifuta viatu kwenye mkeka, kimoja, kisha kingine, kwa uangalifu. Noreen alimsikia akafurahi. Watu siku hizi hawafuti viatu. Alipochomoa mkono na kugeuka alimkuta mwanamume mnene kiasi, mwenye koti jeusi lililolowa na kijikamera kifuani chenye taa nyekundu.

"Umelowa, masikini. Chai?"

"Sikatai, mama."

"Sukari?"

"Vijiko viwili. Usimwambie mke wangu."

Akamtilia, akamsogezea na kiti. Mtu yule alikunywa nusu kikombe, akasifia chai, akatazama matarumbeta ukutani na sakafuni, akauliza lipi ni la bei zaidi. Noreen akamwonyesha tuba. Akamweleza hata jinsi shaba ya zamani ilivyo tamu kuliko ya sasa.

"Mama," yule mtu akasema, "chai yako nzuri. Naitwa Tunnicliffe. Mimi ni dalali, nimetumwa na halmashauri kwa ajili ya kodi ya jengo hili."

Noreen alidhani ni utani. Alikuwa bado ameshika birika.

"Hilo nimeshaelewana nao. Kuna mama nimeongea naye kwenye simu."

"Huyo mama hanijui, na mimi simjui."

Hapo akapeleka kidole kifuani, akabonyeza, na ile taa nyekundu ikazimika. Noreen aliona. Alichofikiri ni kwamba yule mtu anazima kwa adabu, kama mtu anayevua kofia akiingia nyumba ya watu. Alimshukuru moyoni.

Tunnicliffe akatoa vibandiko vya njano mfukoni, akaanza kubandika. Nje, gari la mizigo lilikuwa linarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Ngoja, kipenzi. Hivyo si vyangu. Humu ndani hakuna changu ukiacha birika na vifaa vya kazi."

"Kila duka ninaloingia vitu si vya mwenyewe, mama. Vya mama mkwe, vya marehemu mjomba. Bado sijakutana na mtu mwenye kitu chake."

"Soma hapo. Limechongwa. Beni ya Scarclough."

"Nikienda kuchonga jina langu kwenye kanisa lile pale, kesho litakuwa kanisa langu?"

Mlango ukalia tena, akaingia Shazia mwenye saluni ya jirani, glavu za rangi ya nywele bado ziko mikononi.

"Anti Noreen, mbona gari limeziba mlango? Huyu nani?"

"Dalali."

"Umemfungulia? Hao hawaruhusiwi kuingia wasipokaribishwa."

Noreen akaweka birika chini. Kisha akasema polepole, "Nilimkaribisha."

Shazia akamgeukia yule mtu. "We kaka, mali ya wateja huruhusiwi kugusa. Mwaka jana na mimi waliniletea watu kama ninyi, naijua sheria yenu."

"Dada," Tunnicliffe akasema bila kumtazama, "una kichwa cha mtu kina dawa kule ndani. Kitaungua."

Na kweli alikuwa na mteja ana dawa kichwani. Shazia aligeuza shingo kuelekea saluni kwake, akamtazama Noreen, akatoka anakimbia. Aliporudi, kazi ilikuwa imeisha.

Maana ilikuwa kazi ya haraka. Tunnicliffe na mwenzake wa kwenye gari walibeba matarumbeta mawilimawili, kama watu wanaobeba kuku sokoni. Tuba wakalibeba la mwisho. Walililaza kifudifudi juu ya sakafu ya gari, mdomo chini, na juu yake wakaegemeza mashine ya kufulia waliyoikamata kwa mtu mwingine. Noreen alitoka na aproni yake mvuani akashika ubavu wa gari.

"Msililaze hivyo, jamani. Lisimamisheni. Shaba yake nyembamba."

"Mama, ukiendelea kushika gari naita polisi, na leo utalala rumande."

Aliachia. Hakujua kama ni kweli au si kweli, na hakuwa amewahi kutishiwa polisi maisha yake yote. Tunnicliffe akarudi ndani peke yake. Noreen akadhani amebadili mawazo. Kumbe alirudi kuweka kikombe. Alikuwa amemaliza chai yote.

Siku iliyofuata Noreen hakufanya kazi, kwa sababu hakukuwa na kazi ya kufanya. Alikaa na simu. Halmashauri wakamwambia wasiliana na kampuni ya madalali. Kampuni ikamwambia wasiliana na halmashauri. Alipopiga tena na tena, msichana mmoja wa kampuni, mwenye sauti ya kuchoka, akamwambia atamsikilizisha kitu. Ikapita sekunde, kisha Noreen akasikia kwenye simu mvua, na kengele yake mwenyewe, na sauti ya mama mmoja mchangamfu: "Karibu kipenzi, ingia, mlango uko wazi." Kisha: "Umelowa, masikini. Chai?"

Hakuwa amewahi kuisikia sauti yake mwenyewe. Alishtuka jinsi sauti ile ilivyofanana na ya baba yake.

"Unaona, mama," msichana akasema. "Aliingia kwa ridhaa yako. Hukupinga kitu."

"Endelea. Weka mbele. Nilimwambia si vyangu."

"Inaishia hapo."

"Kwa nini inaishia hapo?"

"Ameandika betri iliisha."

"Alizima kwa mkono. Nilimwona."

"Ulimwambia wakati ule kwamba umemwona?"

Noreen akakata simu. Hakuwa amemwambia.

Alhamisi jioni Wilf alikuja kama walivyoahidiana. Kengele ikalia. Kutoka nyuma ya duka haikutoka sauti, na Wilf akabaki kwenye mkeka, hajui aingie au asiingie, mtu ambaye ameingia duka lile tangu akiwa kijana. Noreen akamweleza yote. Wilf alisikiliza kofia mkononi, anatikisa kichwa, anawatukana madalali kwa maneno ya mgodini, mpaka Noreen alipofika kwenye chai.

"Ulimpa chai?"

"Alikuwa amelowa, Wilf."

"Ulimwonyesha na tuba?"

"Aliuliza."

Wilf akatazama sakafuni. "Basi," akasema. "Nimeelewa." Na alivyolisema hilo, Noreen alitamani angemtukana na yeye.

Jioni ileile Wilf alienda mwenyewe mpaka kwenye yadi ya kampuni, huko mjini, na picha ya zamani ya beni imefichwa ndani ya koti isilowe, babu yake amelishika tuba lilelile. Mlinzi aliitazama akasema ni picha nzuri. Akasema kesho hawafungui, ofisi inafunguliwa Jumatatu.

Ijumaa mvua ilikata. Noreen alipanda basi mpaka Scarclough, akasimama kando ya barabara nyuma ya watu wenye viti vya kukunja na mikate ya soseji. Alikuwa na tumaini, ingawa asingeweza kusema la nini. Beni zikapita moja baada ya nyingine, zinang'aa. Wachache walimtambua. Kijana mmoja mwenye bia akamwita, "Noreen, karibu kipenzi, njoo uchukue na kiti changu," na wenzake wakacheka, na safari hii ubaya ulikuwemo.

Kisha ikaja beni ya Scarclough. Walikuwa wameamua kutoka hivyohivyo. Ngoma mbele, kisha makorneti, yale matarumbeta madogo, na nyuma, mahali pa besi, Wilf Haigh anatembea katika nafasi yake, sare imefungwa mpaka shingoni, kifua mbele, mguu unafuata mpigo, mikono mitupu imening'inia. Mtu mmoja alipiga makofi akaacha. Wimbo ulikuwa unaelea, hauna chini, kama nyumba iliyonyanyuliwa kwenye msingi. Ndani ya karavani, pazia zimeteremshwa, jaji hakumwona Wilf. Alisikia tu pengo.

Noreen aliondoka kabla hawajamaliza.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata, ikasema kutoka bila besi si kutoka. Beni ikavunjwa. Makorneti yaliyokuwa mikononi mwa wachezaji yakauzwa kwa shule moja, na Wilf akaacha kushuka Hollinroyd. Mikate alikuwa ananunuliwa na binti yake.

Shazia hakukata tamaa. Aliandika malalamiko kwa niaba ya Noreen, akapiga simu, akasimama mbele ya meza ya halmashauri na mwavuli wake unachuruzika mpaka wakamsikiliza ili atoke. Majira yakageuka, majani yakaanza kuanguka, ndipo jibu likaja kwa simu: dalali amekumbushwa taratibu, na mali ya beni itarudishwa. Shazia alikimbia kumwambia.

"Anti, tumeshinda. Wamekubali."

"Amekumbushwa," Noreen akasema.

"Ndiyo, amekumbushwa taratibu."

"Alikuwa amesahau?"

Shazia akamsogelea. Alimkumbatia, akanusa shaba na mafuta ya mashine kwenye nywele zake, akamwambia siku moja atakuja amtie rangi bure.

Siku vilipoletwa vitu, Noreen alikuwa ndio kwanza amewasha birika, aproni ameifunga juu ya koti kwa baridi. Duka lilikuwa karibu tupu. Beni nyingine zilikuwa zimepata fundi mwingine mbali huko, hazikusema kitu, ziliacha tu kuja. Kengele ikalia. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, "Kari—", akaufunga.

Alikuwa Tunnicliffe. Alisimama kwenye kizingiti, tuba limelala mikononi mwake, matarumbeta mengine yako garini nyuma yake.

"Nimekuletea mwenyewe, mama. Kampuni haikulazimika, lakini nimesema nikuletee."

Noreen alilipokea palepale mlangoni. Hakuhitaji kutazama, lakini alitazama. Koo lilikuwa limekunjika mpaka shaba imechanika, na mpasuko ulikuwa umepita katikati ya herufi zilizochongwa. Vitufe viwili havikuwepo. Ndani lilikuwa na maji ya mvua, na jani. Alipitisha kidole kwenye mpasuko taratibu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Shaba nyembamba hivyo ukiipasha moto inayeyuka, ukiigonga inaendelea kupasuka. Gololi haina pa kupita. Alijua, kama mtu anavyojua akimgusa aliyelala akamkuta wa baridi.

"Utalinyoosha," Tunnicliffe akasema. "Wanasema wewe ndiye bingwa."

Noreen hakusogea. Alisimama katikati ya mlango, tuba kifuani, na ilikuwa wazi kwamba hamkaribishi.

Tunnicliffe akafuta viatu kwenye mkeka, kimoja, kisha kingine.

"Kuna lile salio, mama, na gharama zetu za kuja na kurudi zimeongezeka. Nitatazama vifaa vya kazi. Ile mashine ya kukereza, na zile nondo."

"Sijakwambia uingie."

"Uliniambia," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto. "Nikishakaribishwa mara moja sihitaji kukaribishwa tena."

Akampita ubavu akaingia. Taa nyekundu ya kifuani haikuwa inawaka. Noreen alimsikia nyuma yake anafungua droo ya gololi, zile alizozisubu baba yake mwenyewe, zinagongana.

Alifungua aproni kwa mkono mmoja, mwingine umelishika tuba. Akaitundika kwenye msumari wake kando ya mlango. Koti alikuwa hajalivua bado.

"Mama, unaenda wapi? Utahitajika kuweka sahihi."

Shazia alikuwa anafagia nywele mlangoni kwake alipomwona anatoka. Alidhani anatoka kumwita mtu. Akamwona anavuka barabara, anaupita mkahawa, watu wameshika vikombe vyao wanamtazama mama mwenye tuba lililopasuka, kisha anashika barabara ya kupanda, ile inayokwenda Scarclough kwa Wilf, anainama kidogo kwa ajili ya uzito. Shazia akamwita. Mlango wa duka ulikuwa wazi nyuma yake, na ndani birika lilichemka, likajizima lenyewe.

Noreen hakugeuka, wala hakurudi.